Dola milioni 335 za Sudan: nani hulipwa mataifa yanapomalizana madai ya fidia

Machi 31, 2021, serikali ya Marekani ilitangaza kuwa imepokea dola milioni 335 kutoka Sudan. Zilikuwa fedha za wahanga wa ugaidi, na sehemu kubwa ilihusu Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998, malori mawili ya mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam na kuua watu 224. Nairobi walikufa 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa Wakenya na Watanzania.

Sasa tazama mgawo. Familia ya Mmarekani aliyeuawa akiwa kazini ubalozini ilitengewa dola milioni 10. Familia ya Mkenya au Mtanzania aliyeuawa akifanya kazi katika ubalozi uleule ilitengewa dola 800,000. Aliyekuwa akipita zake barabarani, au msichana aliyekuwa darasani katika chuo cha ukatibu muhtasi ndani ya jengo la Ufundi lililoporomoka, hakutengewa hata senti.

Wengi wakisikia hesabu hiyo hudhani kuna jaji mahali fulani aliyepima uhai wa mtu kwa rangi ya pasipoti yake. Hakuna jaji aliyetoa mgawo huo. Ni matokeo ya mapatano: serikali mbili zilikaa, zikapatana bei, zikatia saini. Mapatano ya namna hii ndiyo njia ambayo mataifa hutumia mara nyingi kumaliza madai ya fidia, kuliko hukumu za mahakama, na yana kanuni zake ambazo ukizijua, hesabu ile inaeleweka hata kama haikubaliki moyoni.

Dai hubadili mmiliki

Sheria ya kimataifa ya zamani haikumtambua mtu binafsi. Iliyatambua mataifa tu. Ukidhulumiwa na serikali ya kigeni, ulitakiwa kwanza uhangaike na mahakama za hukohuko hadi ngazi ya mwisho. Ukikosa haki yako, unarudi kwenu na kuiomba serikali yako ilibebe dai. Ikikubali, kuanzia hapo dai linakuwa lake.

Kanuni hiyo iliwekwa wazi mwaka 1924, katika shauri la Mgiriki aitwaye Mavrommatis aliyekuwa na vibali vya kuendesha miradi Jerusalem na Jaffa wakati Palestina ikiwa chini ya Uingereza. Ugiriki ilimsimamia dhidi ya Uingereza. Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ilieleza kwamba serikali inapobeba kesi ya raia wake, kwa hakika inadai haki yake yenyewe, yaani haki ya kuona raia wake wanatendewa inavyotakiwa na sheria.

Maneno hayo yanasikika kama ya kumheshimu raia. Kiutendaji yanampokonya usukani. Serikali inaweza kukataa kubeba dai lake. Inaweza kulibeba leo na kulitupa kesho kwa sababu inataka kuuza ngano au kukodi kituo cha kijeshi. Inaweza kukubali robo ya anachodai, au kusamehe yote. Mwaka 1970, katika kesi ya kampuni ya Barcelona Traction, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema bila kuficha kwamba serikali ndiyo inayoamua kama itamlinda raia wake, kwa kiasi gani, na lini itaacha. Raia asiporidhika, atafute njia katika sheria za nchi yake kama ipo.

Siku hizi kuna wanaokwepa mlango huo. Mwekezaji ana mikataba ya uwekezaji inayomruhusu kuishtaki serikali mwenyewe mbele ya wasuluhishi, na Tanzania inalijua hilo vizuri: mwaka 2023 iliilipa kampuni ya Winshear ya Canada dola milioni 30 kumaliza shauri la leseni ya dhahabu. Muuza mitumba aliyepoteza macho kwa vioo vya bomu hana mkataba wa namna hiyo.

Mkupuo

Madai yakiwa mengi, hakuna serikali inayotaka kuyajadili moja moja. Ndipo linapokuja wazo la mkupuo: mdaiwa anatoa kiasi kimoja kwa ajili ya madai yote, mdai anatamka kuwa yamekwisha, kisha anagawa fedha nyumbani kwake kwa utaratibu anaoujua yeye. Marekani ina Tume ya Kusuluhisha Madai ya Kigeni kwa kazi hiyo. Uingereza iliunda yake mwaka 1950.

Mfano ninaoupenda ni wa China, kwa sababu unaonyesha mashine yote ikiwa wazi. Mwishoni mwa mwaka 1950, vita vya Korea vikiwa vimepamba moto, Marekani ilizuia mali za China zilizokuwa chini ya mamlaka yake, na China ikatwaa mali za Wamarekani: viwanda, mitambo ya umeme, shule na hospitali za misheni. Miaka ikapita. Tume ya Marekani ikapokea madai, ikayachambua na kuyathibitisha kwa jumla ya karibu dola milioni 197. Yakabaki kwenye makabati, kwa kuwa nchi hizo mbili hazikuwa hata na uhusiano wa kibalozi.

Uhusiano uliporejeshwa mwaka 1979, madai yakatolewa makabatini. China ikakubali kulipa dola milioni 80.5: milioni 30 Oktoba 1 mwaka huohuo, zilizobaki kwa awamu tano za mwaka. Marekani nayo ikafungulia mali za China ilizokuwa imezizuia, ambazo thamani yake ilikadiriwa kuwa karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo China ilitoa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine, na biashara ikaanza. Mmarekani aliyepoteza kiwanda Shanghai akapata takriban senti 41 kwa kila dola aliyothibitishiwa, karibu miaka 30 baadaye.

Je, aliibiwa? Inategemea unapima kwa nini. Ukipima kwa hasara yake, amepata chini ya nusu. Ukipima kwa alichokuwa nacho mkononi siku moja kabla ya makubaliano, yaani karatasi yenye mhuri, amepata nyingi. Wanadiplomasia hutumia kipimo cha pili siku zote, na hawakosi kukukumbusha.

Kulipa bila kukiri

Jambo jingine linalowachanganya wasomaji ni kwamba mlipaji huwa hakiri kosa. Julai 3, 1988, manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliitungua ndege ya abiria ya Iran juu ya Ghuba na kuua watu wote 290. Iran ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 1996, kabla ya hukumu, pande mbili zikapatana: Marekani ikatoa dola milioni 61.8 kwa ajili ya Wairani waliokufa, dola 300,000 kwa kila aliyekuwa na kipato na 150,000 kwa asiye na kipato. Kesi ikafutwa. Marekani haikukubali kuwa inawajibika kisheria. Ilisema inalipa kwa hisani.

Mtanzania anayeishi kando ya hifadhi anaijua lugha hiyo. Tembo wakila mahindi, serikali humpa kifuta jasho. Mnyama akiua mtu, familia hupewa kifuta machozi. Na ofisa wa wanyamapori atasisitiza mbele ya kijiji kizima kuwa hiyo si fidia. Tofauti si ya maneno matupu. Fidia ni deni, na deni humfanya mwenzako naye aje kudai. Hisani haimfungulii mwingine mlango.

Wakati mwingine malipo huenda pande zote mbili. Mwaka 1999 ndege za Marekani zilipoupiga ubalozi wa China mjini Belgrade, waandamanaji wenye hasira walizishambulia ofisi za kibalozi za Marekani nchini China. Marekani ililipa dola milioni 4.5 kwa wafiwa na majeruhi, baadaye milioni 28 kwa jengo. China nayo ikalipa dola milioni 2.87 kwa madirisha na mali iliyoharibiwa.

Jinsi Sudan ilivyofika mezani

Sudan ilimhifadhi Osama bin Laden Khartoum kuanzia mwaka 1991 hadi 1996. Agosti 1993 Marekani iliiweka katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, na kuwemo katika orodha hiyo kuna athari ambayo wengi hawaioni. Kwa kawaida nchi moja haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine, ina kinga. Lakini sheria ya Marekani ya 1996 iliiondolea kinga hiyo nchi yoyote iliyo kwenye orodha, kwa madai ya ugaidi. Mwaka 2008 Bunge la Marekani likapanua mlango: sio raia wa Marekani pekee, bali na wageni walioajiriwa na serikali ya Marekani. Hapo ndipo walinzi, madereva na makarani wa Kikenya na Kitanzania walipoingia. Na hapohapo ndipo mpita njia alipobaki nje.

Kesi zilifunguliwa Washington kuanzia 2001. Mwaka 2011 jaji aliona kuwa Sudan na Iran ziliwasaidia walioshambulia, jambo ambalo Sudan imelikana siku zote. Hadi mwaka 2014 hukumu zilikuwa zimezidi dola bilioni 10, zikiwemo bilioni 4.3 za adhabu. Mahakama ya rufaa ikaziondoa hizo za adhabu. Mei 18, 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Opati dhidi ya Sudan, ikaufungua tena mlango wa adhabu hizo.

Bilioni 10, kutoka kwa nani? Sudan haikuwa na mali ya kukamatwa Marekani. Hukumu ile haikuweza kulipwa, lakini iliweza kuziba njia. Kila senti ya Sudan ambayo ingepita katika benki ya Marekani ingeweza kunaswa na mawakili wa wahanga. Juu ya hapo, nchi iliyo kwenye orodha haipati msaada wa Marekani katika Benki ya Dunia wala Shirika la Fedha la Kimataifa, na Sudan ilikuwa na deni la nje lililozidi dola bilioni 50.

Ndiyo maana nasema bei katika mapatano haya haitokani na hasara ya aliyeumia. Inatokana na kile mlipaji anachotaka kununua. Omar al-Bashir alipong'olewa Aprili 2019, serikali ya mpito ya Waziri Mkuu Abdalla Hamdok ilitaka kununua vitu viwili: jina litoke orodhani na kinga irudi. Wahanga walikuwa na hukumu ya bilioni 10 na hawakuwa na pa kuikusanyia. Kati ya bilioni 10 na sifuri, wakakutana kwenye milioni 335.

Mkataba ulitiwa saini Oktoba 30, 2020. Ulihusu pia manowari ya USS Cole iliyoshambuliwa Aden mwaka 2000 na kuuawa kwa ofisa wa misaada wa Marekani mjini Khartoum mwaka 2008. Ila hakuna aliyemwamini mwenzake, kwa hiyo fedha hazikwenda Washington moja kwa moja. Ziliwekwa kwenye akaunti ya amana, ambako hakuna upande ungeweza kuzigusa hadi mwingine atimize lake. Sudan ikaweka fedha. Desemba 14 jina lake likatoka orodhani. Mwishoni mwa mwezi huo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuirudishia kinga, isipokuwa kwa kesi zilizokuwa tayari mahakamani za Septemba 11, kwa sababu familia za wahanga hao zilikataa katakata kutolewa kafara. Baada ya hapo tu ndipo amana ikafunguliwa.

Ndani ya mchakato huo kulikuwa na ugomvi mwingine ambao haukupata vichwa vikubwa vya habari. Baadhi ya Wakenya na Watanzania waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi walishahamia Marekani na kuwa raia. Kwa kanuni ya kawaida, uraia unaohesabiwa ni ule wa siku ya tukio; mwaka 1998 walikuwa wageni, basi walikuwa walipwe kama wageni. Walilalamika, baadhi ya wabunge wakawasikia, na Bunge likatenga dola milioni 150 za walipa kodi wa Marekani kupunguza pengo hilo. Angalia kilichotokea: waliopata kusikilizwa ni wale waliokuwa wamepata serikali ya kuwasemea. Wenzao waliokaa nao meza moja ofisini, wakaumia kwa bomu lilelile, lakini wakabaki Kayole au Temeke, hawakuguswa na nyongeza hiyo.

Kuna kejeli nyingine, nayo ni ya Wasudani. Waliolipa fedha hizo ni wananchi waliokuwa wamemng'oa Bashir barabarani, katika mwaka wa mafuriko na mfumuko wa bei. Sheria ya kimataifa haijali: serikali hubadilika, dola inabaki na madeni yake. Walichonunua kilionekana haraka. Machi 2021 Marekani iliwakopesha dola bilioni 1.15 kwa muda mfupi ili wafute malimbikizo ya Benki ya Dunia, na Juni mwaka huo wakaingia katika mpango wa kusamehewa madeni. Oktoba wanajeshi wakapindua serikali, na sehemu kubwa ya manufaa hayo ikasimama.

Mlango ambao haukufungwa

Je, mpita njia wa Nairobi alifungiwa mlango na mkataba ule? Hapana, na hapa ndipo mjadala wetu hukosea. Mkataba hauwafungi wasiokuwa wahusika wake. Kenya na Tanzania hazikutia saini, hivyo dai la Kenya dhidi ya Sudan kwa ajili ya raia wake, kama lipo, halikuguswa. Lakini Nairobi ingehitaji kulibeba kama dai lake, kuthibitisha wajibu wa Sudan yenyewe bila kuegemea hukumu ya Washington, na kuwa na kitu ambacho Sudan inakitaka. Marekani ilikuwa na orodha. Kenya ilikuwa na nini?

Badala yake wahanga wa Kenya wamekuwa wakiigeukia Marekani, na Seneti ya Kenya iliunda kamati maalumu kuhusu fidia yao. Marekani kwa upande wake hukumbusha misaada iliyotoa baada ya mlipuko. Misaada, si fidia.

Na mazungumzo yakishindikana? Kongo na Uganda zimetuonyesha. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona kuwa Uganda iliivamia Kongo na kupora maliasili zake, kisha ikaziambia nchi hizo zikapatane zenyewe kuhusu kiasi. Zilikutana, zikabishana juu ya idadi ya waliokufa na aina ya ushahidi, na mwaka 2015 Kongo ikarudi kwenye mahakama hiyo, The Hague. Ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 9, 2022, ikapewa milioni 325: 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Mahakama yenyewe, kwa kukosa ushahidi wa mtu mmoja mmoja baada ya miaka 20, ilikata kiasi cha jumla. Kwa maneno mengine, jaji naye aliishia kwenye mkupuo. Kinshasa ikaunda mfuko wa kugawa fedha hizo, wenye makao yake Kisangani, mji uliopigwa mabomu kwa siku sita Juni 2000 Uganda na Rwanda zilipopigana ndani yake.

Songea inatazama Windhoek

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, ambavyo pamoja na njaa iliyofuata baadhi ya wanahistoria wanakadiria viliua hadi watu 300,000. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, akaahidi kusaidia kutafuta fuvu lake. Hakuzungumzia fidia.

Kama mazungumzo ya fedha yataanza siku moja, kielelezo kipo tayari. Mei 2021 Ujerumani na Namibia zilikamilisha rasimu ya tamko la pamoja kuhusu mauaji ya Waherero na Wanama. Ujerumani ilikubali kutoa yuro bilioni 1.1 kwa miaka 30, karibu zote kwa miradi ya maendeleo, na yuro milioni 50 kwa ajili ya maridhiano. Neno fidia likaepukwa kwa uangalifu. Viongozi kadhaa wa Waherero na Wanama walilikataa, wakisema serikali ya Windhoek iliwasemea bila kuwaweka mezani, na mwaka 2023 suala likafikishwa mahakamani Namibia.

Tamko hilo halitaji neno fidia, lakini lina kifungu kinachoeleza uelewa wa serikali zote mbili kwamba kiasi hicho kinamaliza masuala yote ya kifedha yanayohusu historia hiyo. Ujerumani inalipa kama anayetoa msaada na inapata risiti kama aliyemaliza deni. Korea Kusini ilisaini kifungu cha jinsi hiyo na Japani mwaka 1965 kwa dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mkopo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya Korea ikaamua kuwa wazee waliolazimishwa kufanya kazi katika viwanda vya Kijapani bado wanaweza kudai, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukaharibika vibaya.